Mpango wa Biashara, na Miezi Minne ya Kufungwa kwa Ziwa

Mtu asafiriye kwa barabara kuu itokayo Kisumu kwenda mpakani Isebania hupita Oyugis, kisha Rongo, Awendo na Migori, na katika kila mji huona jambo lile lile. Maduka yamepangana ubavu kwa ubavu, mengine yakiwa na rangi mpya, na karibu yote yanauza sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Akirudi baada ya miaka miwili ataona kwamba baadhi ya milango ile imetiwa kufuli, rangi imechujuka, na jina la mwenye duka limefutika nusu. Hatua chache kutoka hapo limefunguliwa duka jingine, la mtu mwingine, nalo linauza sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia.

Majirani wakiulizwa sababu hutaja nyingi. Wengine husema ni kijicho. Wengine husema jamaa walikopa bidhaa wasilipe. Wengine humlaumu mwenye duka kwamba alipenda anasa. Huenda kila mmoja ana neno la kweli. Lakini mara nyingi sababu ni ndogo zaidi, wala haina siri. Mwenye duka alijua bei ya kununulia na bei ya kuuzia, akadhani kwamba tofauti ya bei hizo mbili ndiyo faida yake. Hakuandika popote ni fedha ngapi zitakazotoka, zitatoka lini, na zitarudi lini. Yaani, hakuwa na mpango wa biashara.

Neno lenyewe limezoeleka sana siku hizi. Karani wa benki hulitaja, ofisa wa kaunti hulitaja, na watangazaji wa redio kadhalika, hata wengi wamekuja kuamini kwamba mpango wa biashara ni namna ya cheti, ambacho mtu hukitafuta kwa sababu ametakiwa kukileta ofisini. Si hivyo. Mpango wa biashara ni maandishi ambayo ndani yake mtu hueleza, kabla fedha hazijamtoka mkononi, anakusudia kuuza nini, atamwuzia nani, mahali gani na kwa bei gani. Fedha za kuanzia ni kiasi gani na ni za nani. Nani atakayefanya kazi. Na mambo yakienda kombo atashika njia ipi. Kwa kampuni kubwa maandishi hayo huwa kitabu kizima. Kwa mchuuzi au mwenye duka la kijijini, kurasa nne au tano za daftari la shule zinatosha, maadamu hesabu zilizomo ni za kweli.

Watu wa Nyanza hawakungoja benki iwafundishe kupanga kabla ya kutenda. Mjaluo anayeanzisha dala lake hasimamishi miti ovyo. Mahali pa lango hujulikana kwanza. Nyumba ya mke mkubwa hujengwa ikilielekea lango hilo. Nyumba za wana, ziitwazo simba, huwekwa karibu na lango. Na yote hayo yamo kichwani mwa mwenye mji kabla jembe halijagusa ardhi. Mkulima naye hujua mapema ni shamba lipi litakalopandwa mahindi wakati wa mvua kubwa, na lipi litakaloachiwa mtama. Jambo lililo geni katika mpango wa biashara si kufikiri mbele, bali ni kuyaandika yaliyofikiriwa, kwa tarakimu, ili baadaye yaweze kumsuta yule yule aliyeyaandika.

Faida ya kuandika huonekana vizuri zaidi katika biashara ya omena, wale samaki wadogo ambao watu wa pwani huwaita dagaa. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na nyumba nyingi sana za kandokando ya ziwa huvitegemea visamaki hivyo kwa chakula na kwa fedha, tangu Kendu Bay na Homa Bay mpaka Mbita, visiwa vya Rusinga na Mfangano, Sindo, na kule Muhuru Bay katika kaunti ya Migori. Kazi ya kuvua ni ya wanaume. Kazi ya kununua ufukoni, kuanika na kuchuuza, kwa sehemu kubwa, ni ya wanawake.

Na achukuliwe mwanamke mmoja wa mfano, mkaaji wa Mbita, anayetaka kununua omena kavu huko na kuipeleka katika soko la Migori. Bei zitakazotajwa hapa ni za mfano tu. Msomaji aziondoe na kuweka zile za soko lake. Mwanamke huyu amejiwekea akiba ya Sh. 20,000/-, na kikundi chake kimemdhamini apate mkopo wa Sh. 30,000/-. Atanunua turubai, magunia na mizani kwa Sh. 8,000/-, naye atabakiwa na Sh. 42,000/- za kuzungusha. Gunia la omena litamgharimu Sh. 6,000/- Mbita, na Migori ataliuza kwa Sh. 7,400/-. Kila safari atachukua magunia matano.

Akipiga hesabu hiyo kichwani, jambo ni la furaha tupu. Kila gunia lina faida ya Sh. 1,400/-, magunia matano yana Sh. 7,000/-, na mwezi una majuma manne. Basi ni Sh. 28,000/- kila mwezi. Mtu mwenye fedha hizo aweza kulipa deni, kulisha nyumba na kuanza kufyatua matofali. Wengi huishia hapo, wakaenda kutia sahihi.

Lakini akikaa na kalamu, mambo hugeuka. Kila gunia hulipiwa gari na wapagazi, tuseme Sh. 400/-, yaani Sh. 2,000/- kwa magunia matano. Nauli yake mwenyewe, kwenda na kurudi, ni Sh. 1,200/-. Ushuru wa soko na mahali pa kulaza mzigo ni Sh. 500/-. Naye hawezi kushinda na njaa Migori. Chakula ni Sh. 300/-. Jumla ya gharama za safari moja ni Sh. 4,000/-, na faida iliyobaki si Sh. 7,000/- tena bali Sh. 3,000/-. Kisha kuna mwezi wa mbinguni. Omena hufuata taa, na usiku wa mbalamwezi taa ya mvuvi haina nguvu. Nyavu hurudi nyepesi na bei ufukoni hupanda. Kwa hiyo katika majuma manne yafaa ahesabu safari tatu tu. Faida yake ya mwezi ni Sh. 9,000/-, yaani chini ya theluthi ya ile aliyoihesabu kichwani.

Sasa aendelee kuandika. Mkopo wake wa Sh. 30,000/-, pamoja na riba ya asilimia 8, ni Sh. 32,400/-, nao ni wa kulipwa kwa miezi kumi na miwili. Kila mwezi Sh. 2,700/-. Matumizi ya nyumbani, akiwa mwangalifu sana, ni Sh. 5,000/-. Akitoa hizo mbili katika Sh. 9,000/- atabakiwa na Sh. 1,300/- za kuweka akiba. Si nyingi, walakini ni akiba.

Tatizo kubwa bado halijafika. Katika upande wa Kenya, uvuvi wa omena hupigwa marufuku kila mwaka tangu tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 31 Julai, ili samaki wapate kuzaana. Kamati za fukwe, zilizowekwa kwa kanuni za mwaka 2007 na ambazo wenyeji huziita BMU, husaidia kuilinda sheria hiyo. Hapana mtu wa ziwani asiyeijua miezi hiyo minne. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, akikaa kuhesabu faida ya mwaka, huzidisha faida ya mwezi mmoja kwa kumi na mbili, kana kwamba ziwa halifungwi kamwe.

Mwanamke wa mfano alichukua mkopo mwezi wa Agosti, ziwa lilipofunguliwa. Kuanzia Agosti mpaka Machi ni miezi minane. Akiba yake imefika Sh. 10,400/-. Kuanzia Aprili mpaka Julai hapana omena ya kununua, lakini mkopo hauna likizo, wala watoto hawana. Atalipa deni Sh. 10,800/- na kutumia nyumbani Sh. 20,000/-, jumla Sh. 30,800/-. Akitoa akiba yake yote, atapungukiwa na Sh. 20,400/-. Fedha hizo zitatoka wapi? Zitatoka katika zile Sh. 42,000/- za kuzungusha, kwa kuwa hapana pengine. Agosti ikirudi atakuwa na Sh. 21,600/- tu, na kwa fedha hizo hawezi kununua magunia matano, atanunua matatu. Magunia matatu yatampa tofauti ya Sh. 4,200/-, lakini nauli, ushuru na chakula havitapungua kwa kuwa mzigo umepungua. Akiisha kutoa gharama zote atabakiwa na Sh. 1,000/- kwa safari, au Sh. 3,000/- kwa mwezi. Hizo hazitoshi hata kulisha nyumba yake. Kufika Desemba biashara imekwisha, na watu watasema amerogwa.

Hakuibiwa, hakunywa pombe, hakukopesha jamaa, na kila mwezi alilipa deni lake bila kukosa. Hata hivyo biashara imekufa, na kifo chake kilikuwa kimeandikwa katika hesabu tangu siku ya kwanza, ila hapakuwa na mtu aliyeisoma.

Mpango wa biashara ulioandikwa ungemwonyesha shimo hilo mwezi wa Julai, kabla hajatia sahihi, wakati angali na nafasi ya kuchagua. Angeweza kuomba alipe zaidi katika miezi ya omena na kidogo katika miezi ya marufuku. Wakopeshaji wengine hukubali wakionyeshwa hesabu, lakini hapana anayekubali kwa kuambiwa tu. Angeweza kukopa kidogo zaidi. Angeweza kulaza magunia kadhaa mwezi wa Machi ili ayauze Mei bei itakapokuwa juu, ingawa njia hiyo yataka ghala kavu, kwa sababu miezi hiyo ni ya mvua na omena iliyopata unyevu huoza na kumwachia mwenyewe harufu. Au angeweza kutafuta biashara ya pili kwa miezi minne, kama kununua viazi vitamu huko Kabondo, panapojulikana sana kwa zao hilo, na kuviuza katika masoko yale yale. Akipata katika viazi faida ya Sh. 5,500/- kila mwezi, miezi minne itampa Sh. 22,000/-, shimo la Sh. 20,400/- limefukiwa, na juu yake amebakiwa na Sh. 1,600/-. Ni tofauti ndogo sana katika jasho la mwaka mzima, lakini Agosti itamkuta na magunia yake matano.

Ndiyo sababu karani mzuri wa mikopo haulizi kwanza juu ya dhamana.

"Mama, fedha hizi utazirudisha lini?"

"Kila nikitoka sokoni, mwanangu."

"Na mwezi wa tano, ziwa likiwa limefungwa?"

Mwanamke aliyeandika mpango atafungua daftari lake na kumwonyesha ukurasa wa viazi. Asiyeandika atasema Mungu yupo. Mungu yupo kweli, lakini karani hana mahali pa kuliandika jibu hilo katika fomu yake.

Wakulima wa miwa wa Awendo na Rongo wana kalenda yao wenyewe, tena ni ndefu zaidi. Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, kiitwacho Sony kwa kifupi, kilianzishwa mwaka 1976 na kuanza kusaga miwa mwaka 1979, na tangu hapo ekari nyingi za Migori na za sehemu za Homa Bay zimegeuka kuwa mashamba ya miwa. Muwa wa kupandwa huchukua mwaka mmoja na nusu, pengine na zaidi, kabla ya kukatwa, na malipo huja baada ya hapo. Karo ya shule haingoji mwaka mmoja na nusu. Huja mara tatu kila mwaka. Mkulima aandikaye mpango wake miezi ikiwa imepangwa kwa safu huona mara moja kwamba miezi mingi katika safu ile ina fedha za kutoka bila fedha za kuingia, naye huamua mapema ni sehemu gani ya shamba isiyopandwa miwa, bali mahindi, maharage au mboga za kuuzwa kila juma. Asiyeandika huona jambo hilo hilo, ila huliona wakati ameshauza muwa ungali mchanga kwa mtu mwenye fedha mkononi, kwa bei ya mtu mwenye njaa. Mwaka 2025 Serikali ilikikodisha kiwanda hicho kwa kampuni binafsi kwa muda wa miaka 30. Kwa mkulima, mabadiliko kama hayo ni sababu ya kuufungua mpango wake upya na kuzitazama tena tarehe na bei alizoziandika.

Shauri la kupanga biashara si geni katika nchi hii. Hapo zamani, kaunti hizi mbili zilipokuwa bado wilaya moja ya Nyanza Kusini, mfanyabiashara Mwafrika alipata taabu hata kukopeshwa. Kwa sheria ya mwaka 1948, deni la Mwafrika lililozidi Sh. 200/- halikuweza kudaiwa mahakamani ila mapatano yake yawe yamethibitishwa na ofisa wa Serikali. Kwa hiyo wenye mali waliona ni heri wasimkopeshe kabisa. Jambo hilo liliwafanya watu kutafuta nguvu katika kuchanga. Mwaka 1947 Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu huko Maseno, na ambaye miaka mingi baadaye alikuwa Makamu wa Rais, aliandikisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation. Hisa zilichangwa na Wajaluo wa nyumbani na wale waliofanya kazi mbali katika Afrika ya Mashariki. Shirika likajenga maduka Maseno, likajenga nyumba mjini Kisumu, na kuwa na kiwanda cha kupiga chapa, Ramogi Press, huko Nairobi.

Kazi hiyo ilikuwa kubwa, nayo iliwaonyesha watu kwamba Mwafrika aweza kuendesha shirika. Lakini shughuli zake zilikuwa nyingi na zimetawanyika: duka huku, majengo kule, chapa Nairobi, na fedha pamoja na watu waliojua kuweka hesabu hawakuwa wengi kadiri ya shughuli hizo. Msomaji wa leo akitazama habari zake ataona kwamba penye nia njema na jina kubwa, bado yatakiwa mtu wa kuuliza shughuli hii moja itaingiza kiasi gani, na kama ile ya pili isingengoja kwanza.

Kuhusu mahali pa biashara, mpango wengi huuruka kwa sentensi moja: "Nitafungua duka mjini." Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,131,950 katika Homa Bay na 1,116,436 katika Migori. Mtu akisoma tarakimu hizo hushawishika kudhani kwamba wote ni wateja wake, hali wanaopita mbele ya mlango wake kwa siku ni mia mbili, na mia moja na themanini kati yao wana duka wanalolizoea. Heri akae kando ya njia siku ya soko na siku isiyo ya soko, awahesabu. Kendu Bay lilikuwa gati la meli za ziwani, lenye maduka ya Wahindi na msikiti wa kale. Biashara ilipohama majini ikashika barabara, maduka yale yalibaki yakilitazama ziwa. Na mwaka 2020 ziwa lenyewe liliinuka likafunika fukwe, vibanda na njia. Mwenye kibanda cha ufukoni asiyeandika katika mpango wake maji yakipanda atahamia wapi, hajamaliza kuandika.

Mchuuzi wa Isebania ana swali lake pia. Ng'ambo ya mpaka kuna Sirari, katika Tanzania, na bidhaa huvuka huku na huku kufuata thamani ya shilingi za nchi mbili. Bei iliyomfaa mwezi huu yaweza kumtupa mwezi ujao bila yeye kubadili chochote, basi mpango wake hauna budi kuwa na hesabu mbili, ya bei njema na ya bei mbaya.

Kodi nayo ina mahali pake. Mwaka 2023 sheria iliweka kodi ya mauzo kuwa asilimia 3 kwa wafanyabiashara ambao mauzo yao ya mwaka yako kati ya Sh. 1,000,000/- na Sh. 25,000,000/-. Neno la kuangaliwa ni mauzo, si faida. Yule mwanamke wa omena huuza kwa Sh. 37,000/- kila safari, safari tatu kwa mwezi, miezi minane: jumla Sh. 888,000/-. Bado yuko nje ya kodi hiyo. Akiongeza viazi aweza kuvuka milioni moja, na akivuka, asilimia 3 ya kila Sh. 37,000/- ni Sh. 1,110/-, yaani zaidi ya theluthi ya faida yake ya Sh. 3,000/-. Anayeona jambo hilo kabla, hupanga bei zake na mizigo yake sawasawa. Anayeliona baada, huona kama ameibiwa.

Inafaa kusemwa pia juu ya mipango ya kununuliwa. Katika miji mingi kuna vibanda vya kompyuta ambapo mtu hulipa shilingi mia chache akapewa mpango uliokwisha kuandikwa, wenye jalada zuri na jina lake mbele. Ule wa kuku hupendwa sana. Katika mpango huo vifaranga mia tano hununuliwa, na baada ya miezi kadhaa kuku mia tano huuzwa. Hapana hata kifaranga mmoja afaye, wala mwewe, wala kideri, wala mgeni wa kuchinjiwa. Karasa kama hizo zaweza kumpitisha mtu mlangoni mwa ofisi, lakini haziwezi kumwambia mwenyewe neno lolote. Mafunzo mazuri hufanya kinyume: humkalisha mfanyabiashara ajaze hesabu zake kwa mkono wake. Shirika la Kazi la Kimataifa limeeneza mafunzo ya namna hiyo katika Afrika tangu miaka ya 1980, kutokana na kitabu kilichoanzia Sweden, na vitabu vyake vimetumika Kenya pia.

Siku hizi kuna jambo jingine linalofanya mpango kuwa wa lazima zaidi, ingawa watu hudhani limeuondolea kazi. Fedha hukopwa kwa simu. Mfuko wa Hustler, ulioanzishwa na Serikali mwezi wa Novemba mwaka 2022, ulianza kwa kutoa mikopo ya mtu mmoja mmoja tangu Sh. 500/- mpaka Sh. 50,000/-, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ya kurudishwa katika siku 14. Mkopaji hubonyeza, fedha zikaingia. Wako na wakopeshaji wengine wa simu, ambao riba zao ni kali kuliko hiyo. Hapana karani, hapana fomu ndefu, hapana mtu wa kuuliza juu ya mwezi wa tano. Urahisi huo umewaokoa watu wengi penye mgonjwa au msiba. Lakini lile swali la karani, lililokuwa likichukiza, lilikuwa kinga. Na kwa kuwa hapana tena anayeliuliza, mkopaji hana budi kujiuliza mwenyewe. Fedha za siku 14 hazifai kununua mbegu, wala kufungua duka, wala kununua mtumbwi. Zafaa mzigo utakaouzwa wote kabla siku hizo hazijaisha, tena penye hakika.

Mpango ukiisha kuandikwa, usifungiwe sandukuni. Mume na mke wausome pamoja. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mtu hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa ya mtu asiyeonyeshwa hesabu ni sahihi tu. Kikundi kinachodhamini nacho kina haki ya kuuona, kwa kuwa mmoja akishindwa wenzake ndio watakaolipa, na wanawake wa fukwe wanajua ilivyo kwenda kwa rafiki kuchukua mbuzi wake kwa ajili ya deni.

Kila mwisho wa mwezi mwenye biashara auweke mpango mbele yake pamoja na daftari la mauzo. Mpango ulisema safari tatu. Daftari lasema mbili. Mpango ulisema nauli Sh. 1,200/-; daftari lasema Sh. 1,500/-, kwa sababu petroli imepanda. Asiifute ile tarakimu ya kwanza. Aandike ya pili kando yake kwa wino mwingine, na tarehe, kisha ahesabu upya mpaka chini. Baada ya mwaka mmoja zile tarakimu za kando ndizo zitakazokuwa na thamani kuliko kurasa zote zilizopigwa chapa, maana ni bei za soko lake mwenyewe, katika miezi yake mwenyewe, na hapana kibanda kinachoziuza. Kwa mchuuzi wa Mbita, siku iliyo bora ya kazi hiyo ni mojawapo ya zile za mwanzo wa Machi, majuma manne kabla nyavu za omena hazijatundikwa, wakati fedha bado zinaingia na lori la viazi la Kabondo bado lina nafasi.